Mama Luambano na Muhuri wa HASI

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bi. Lukresia Luambano anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika Kitengo chetu cha Utafiti wa Magonjwa ya Kuambukiza, hapa Matogoro, Songea. Alipoanza kazi, Kitengo kilikuwa chumba kimoja chenye darubini moja na pikipiki iliyowaka kwa kusukumwa. Leo chumba hicho ni stoo ya vyandarua, na wengi wetu tunaopita mlangoni pake hatujui kwamba kila kitu kilianzia humo. Yeye anajua. Akipita, huugonga mlango mara moja kwa kidole, kama mtu anayemsalimia jirani.

Mama Luambano ni mtoto wa wakulima wa tumbaku wa Namtumbo. Alianza kama mhudumu wa zahanati, akasomea uuguzi, na mwaka 1994 akaajiriwa hapa kuchukua sampuli za damu vijijini. Alipanda ngazi hadi kuwa Mratibu wa Ushirikishaji Jamii, cheo ambacho hukitamka haraka haraka ili kiishe. Wakati wa kipindupindu alizunguka kwenye visima na chupa za klorini. Wagonjwa wa kifua kikuu walioacha matibabu aliwafuata hadi shambani, mkononi dawa, mdomoni maneno makali. Wakati wa Uviko, tulipokuwa tumejifungia ofisini tukiandika miongozo, yeye alikuwa anawafundisha mafundi cherehani wa sokoni kushona barakoa zisizodondoka puani.

Dereva wetu, Thadei, anasema gari likikwama kwenye tope Mama Luambano hushuka wa kwanza na kuanza kusalimia watu. Wakati Thadei anatafuta jembe nyuma ya gari, wasukumaji wameshafika, wameshaulizwa habari za watoto na chanjo, na mmoja wao ameshakubali kuja zahanati kesho yake kupimwa kikohozi. Thadei anaapa kwamba safari nyingine gari lilikwama kwa makusudi.

Ana kasoro zake, na wasifu usiozitaja angeurudisha. Vikao vyake ni virefu. Simu yake hulia kwa sauti inayofika maabara. Na hakubali neno lipite bila kuulizwa lina maana gani kwa mtu atakayelisikia. Kasoro hiyo ya mwisho ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa sababu ndiyo iliyotufanya tuwe Kitengo tulicho leo.

Mwaka 2008 timu yetu ilikwenda kijiji kimoja cha kata ya Namasakata, wilayani Tunduru, kupima matende na mabusha. Ugonjwa huu huletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Inaweza kukaa mwilini miaka bila mtu kujisikia vibaya, kisha mguu unaanza kuvimba, au kwa wanaume, korodani. Dawa ikitolewa mapema minyoo hufa na uvimbe hauji. Ikichelewa, mguu haurudi ulivyokuwa. Kwa hiyo kilichotakiwa ni kuwapata mapema wenye minyoo na kuwashawishi wameze dawa wakiwa bado wanajiona wazima.

Mama Luambano ndiye aliyeandaa kadi za majibu. Alikwenda kwa fundi wa mihuri hapa mjini akachongesha mihuri miwili: HASI kwa asiye na minyoo, CHANYA kwa aliyenayo. Ni maneno sahihi. Yamo kwenye kila kitabu cha maabara.

Watu walichomwa vidole, wakapewa kadi, wakaondoka wamenyamaza. Timu ikadhani ni ustaarabu. Kumbe wanaume wa kijiji kile ni wafugaji wa mbuzi, na kwao neno lile lina kazi moja tu: beberu akihasiwa, habari yake imekwisha. Karibu kila mwanamume wa kijiji alirudi nyumbani na karatasi ya serikali, yenye muhuri, inayosema amehasiwa.

Kabla ya sala ya adhuhuri wanawake walikuwa wamefika kudai maelezo. Asubuhi iliyofuata gogo lilikuwa limelazwa barabarani, na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Abuu, amesimama nyuma yake. Mama Luambano alimwamkia shikamoo. Hakuitikia. Kwa wasiotoka huku niseme tu kwamba mzee kuinyamazia shikamoo ni jambo zito kuliko gogo.

Wakati huohuo, upande wa pili wa kijiji, palikuwa na furaha. Kijana mmoja aitwaye Juma alikuwa miongoni mwa wachache waliopata CHANYA, na ndiye pekee aliyekuwa akitembea nayo mfukoni akimwonyesha kila mtu. Alijitangaza kuwa dume pekee lililobaki Namasakata. Alipoambiwa na timu kwamba anatakiwa kumeza dawa, alicheka. Dawa wapewe waliohasiwa, alisema, yeye wamwache kama Mungu alivyomwacha.

Timu ilirudi Songea. Ofisini likatolewa pendekezo la busara: kijiji kile kiachwe, kichaguliwe kingine, utafiti uendelee. Kwa hesabu za utafiti hakuna ambacho kingeharibika. Mama Luambano alikataa. Waliokuwepo kikaoni wanakumbuka alichosema, kwa sababu alikisema amesimama.

“Kijiji kingine hakina Juma. Juma ana minyoo, na anasherehekea. Mguu wake ukivimba, ni mimi niliyempa cheti cha kusherehekea.”

Akarudi. Hakupewa gari, alikwenda kwa basi hadi Tunduru mjini na kumalizia kwa bodaboda. Ulikuwa msimu wa korosho. Alimwomba mke wa Mzee Abuu mahali pa kulala, akapewa, na kila siku alikwenda naye shambani kuokota. Hakutaja damu wala kadi. Kila asubuhi alimwamkia mzee shikamoo, na kila asubuhi mzee alijibu, “Haya.”

Wanaume waliopita njiani walimtania kwa mbali. “Mama, umekuja na kisu au umekuja na muhuri?” Wanawake wa shambani walicheka mpaka wakakaa chini. Alicheka nao. Anasema kicheko kile ndicho kilichomwambia kwamba mlango haujafungwa kabisa, kwa sababu mtu aliyekukatia tamaa hakutanii.

Hatimaye Mzee Abuu aliitisha mkutano. Alimsimamisha mbele ya watu na kumuuliza swali lililokuwa likisubiriwa na kijiji kizima.

“Wewe ndiye mama uliyetuhasi?”

“Ndiyo, mzee.”

“Mbuzi akihasiwa hunenepa. Sisi mbona tunakonda?”

Kicheko kilichopasuka pale kiliwatisha kuku. Kilipotulia, Mama Luambano hakujitetea kwa kitabu. Aliwaambia kwamba neno lile alilichagua mwenyewe, alilikuta kwenye vitabu vya maabara, na hakuwauliza wao wanalielewaje kabla ya kuwagongea. Kisha akaeleza maana aliyoikusudia: aliyepata HASI, minyoo haikuonekana kwenye damu yake, na aliyepata CHANYA imeonekana.

Vichwa vyote vikamgeukia Juma.

“Kwa hiyo mgonjwa ni mimi?” Juma aliuliza.

“Dume letu!” sauti ya mwanamke ikaitikia kutoka nyuma, na mkutano ukavurugika tena.

Juma hakucheka. Mama Luambano alimwendea pale alipokaa, akachuchumaa mbele yake, na wakazungumza kwa sauti ndogo ambayo hakuna mwingine aliyeisikia. Hajawahi kutuambia alimwambia nini. Alisema ni mambo ya mgonjwa na muuguzi wake, na hapo mazungumzo yakaisha. Tunachojua ni kwamba Juma alisimama, akaomba maji, akameza dawa mbele ya watu wote, wa kwanza katika kijiji kile.

Siku ile kijiji kilitafuta neno lake. Wengine walipendekeza “mzima”, wakapingwa, kwamba mtu anaweza kuwa hana minyoo na bado akaumwa malaria. Wengine walisema “safi”, wanawake wakakataa, maana asiye safi atatengwa. Mwishowe Mzee Abuu alisema jambo rahisi. Mmeangalia. Basi semeni mlichoona. Na tangu hapo kadi zetu, katika kila kijiji tunachokwenda, hazina muhuri wa HASI. Zina maneno mawili: *haijaonekana*, au *imeonekana*.

Mama Luambano alipokuwa anapanda bodaboda kuondoka, Mzee Abuu alimfuata hadi barabarani. “Marahaba,” alimwambia. “Hii ya leo, na zile zote.”

Aliporudi ofisini aliweka benchi nje ya mlango, upande wa kivuli. Kila atakayeingia Matogoro kama mfanyakazi mpya ataonyeshwa benchi hilo kabla ya kuonyeshwa meza yake. Utaratibu ni huu: hakuna dodoso, kadi, bango wala tangazo la redio linalotoka Kitengo kabla halijasomwa kwa sauti kwa mtu yeyote aliyekaa pale, mgonjwa, fundi bomba, mpita njia. Akikunja uso, neno linafutwa. Hakuna kukata rufaa. Kwa heshima zote kwa mstaafu wetu, rekodi ya kukataliwa na benchi anaishikilia yeye mwenyewe. Tangazo lake moja la kichaa cha mbwa lilirudi ndani asubuhi nzima, na kila liliporudi alilisahihisha huku akiimba nyimbo za kwaya ya parokia, ishara kwamba amekasirika.

Nilipokuja hapa miaka minne iliyopita nilidhani benchi ni desturi ya kufurahisha wageni. Sasa nadhani ni chombo cha maabara kama vingine. Darubini hutuonyesha kilichomo kwenye damu, benchi hutuonyesha kilichomo kwenye sentensi, na vyote viwili vinataka mtu mwenye subira ya kuinama na kuangalia tena. Nimekuwa nikifikiri sana kwa nini tunajivunia mwanamke huyu kuliko tunavyojivunia ripoti zetu. Nafikiri ni kwa sababu ripoti zetu zinaanza na yale tuliyoyapata, na kazi yake ilianza na mahali alipokosea, akakataa kupahama.

Mwezi Machi mwaka huu alikwenda Namasakata kwa mara ya mwisho akiwa kazini. Safari hii tulipima watoto wa shule ya msingi, maana damu ya watoto ndiyo inayoonyesha kama ugonjwa bado unaambukiza. Nilikuwepo. Aliyewapanga watoto foleni alikuwa Juma, sasa baba wa watu wazima, mgawa dawa wa kijiji kwa miaka mingi, miguu yake yote miwili myembamba na yenye haraka. Bado wanamwita Dume. Anaitika.

Kadi zilijazwa moja baada ya nyingine. *Haijaonekana. Haijaonekana.* Mpaka mtoto wa mwisho, hatukuandika neno jingine.

Mzee Abuu, ambaye sasa hutembea kwa fimbo, alikuwa amekuja kuchukua kadi ya kitukuu chake. Aliisoma, akainua macho.

“Lukresia. Haijaonekana, au haipo?”

Sote tulitamani aseme haipo. Ilikuwa safari yake ya mwisho, mzee alikuwa amesubiri miaka, na neno hilo lisingemgharimu chochote.

“Mzee, tumeangalia, hatujaiona. Watarudi hawa vijana waangalie tena.”

“Hata leo unaninyima neno,” mzee alisema, na akacheka mpaka fimbo ikamponyoka.

Wasifu huu nao umepita kwenye benchi. Nilimsomea Mama Ludovika, anayetuuzia vitumbua na togwa getini tangu kabla sijaajiriwa. Mahali fulani nilikuwa nimeandika, kama wengi wanavyoandika, kwamba mstaafu wetu ataacha pengo lisilozibika. Mama Ludovika alikunja uso.

“Pengo? Si ana meno yake yote yule?”

Nikamweleza nilichokusudia. Kwamba tutafika asubuhi na hatakuwepo.

“Sasa hapo si useme tu hivyo. Na nani kakwambia hatakuwepo? Nyumba yake si ile pale juu? Mimi nisipomwona nitauliza kama ninavyouliza siku zote: mama leo hajaonekana?”

Pengo nimelifuta.

Mama Luambano, asante kwa kila mlango uliougonga na kwa kila neno ulilotunyima. Asante kwa Juma. Mungu akujalie afya, wajukuu wasikivu, na asubuhi ndefu zisizo na dodoso, na maisha yako ya kustaafu yawe mema kama ulivyoyafanya ya wengine. Kuanzia Julai, wageni watakapofika Kitengo na kukuulizia, hatutawaambia kwamba hupo. Tutawakaribisha wakae kwenye benchi, na tutawajibu kwa neno la Namasakata: leo bado hajaonekana.