Kata Waya wa Honi

Sogeeni kitandani, wewe Nawara mwanangu na wewe Shahat shemeji yangu, na huyo mtoto, Badri, mlaze hapa ubavuni mwangu, wala msinikatize, maana saa nne wananipeleka kupasuliwa moyo na ninaogopa, sifichi, lakini nina hasira kuliko hofu na sitaki kulala nayo kwenye meza ya daktari.

Nimekusikia, Shahat. Sasa hivi, kabla hamjapanda ngazi, nimesikia honi ya maikrobasi yangu getini: mbili fupi, moja ndefu, mbili fupi, tusi la mama ambalo kila dereva wa mji wetu wa Mallawi analijua na kila abiria anajifanya halijui. Nikamuuliza muuguzi nani anatukanwa. Akachungulia dirishani, akasema, "Gari la maiti, dada. Linatoka polepole, na wa nyuma yake ana haraka zake. Hawa wa maikrobasi, hata maiti hawamsazi." Nimwambie nini, kwamba gari ni langu?

Usiseme hukujua. Hukujua kwa kuwa hukutazama. Ungetazama ungewaona wanaume wanatembea kando yake vichwa chini.

Kaka yako Gaballah, Mungu amrehemu, aliwabeba watoto wa shule miaka tisa, viti kumi na vinne, watoto kumi na wanne, na siku Nawara alipozaliwa aliukata waya wa honi kwa mkono wake. Wenzake kituoni wakamcheka, "Vipi usta, umekuwa bubu?" Akawajibu, "Bubu hatukani." Alikuwa akisema anayekimbilia honi amekwisha kuchelewa kukanyaga breki. Alipokufa nikashika usukani mimi, nina cheti cha sekondari na mimba ya miezi minne, wakanicheka mwaka mzima, "Bibie, jiko liko upande ule," mpaka mzee mmoja, akishuka na mjukuu wake, akaniambia, "Ahsante, usta." Usta, neno la fundi aliyeiva, halipewi kila mwenye leseni. Nililia nyuma ya gari kama mtoto.

Wewe nimekuachia gari siku kumi tu, ukauunga ule waya. Jana Nawara anaruka kamba hapo ukumbini, anaimba ti-ti, tiii, ti-ti, namuuliza wimbo gani huo, ananijibu, "Wa ami Shahat." Usilie, Nawara, kosa si lako. Msichana wa miaka minane anamtukana mama wa mtu kwa kamba ya kurukia, na watu wakisema madereva wote ni wahuni na wavuta bangi, mimi nibishe kwa mdomo gani? Wanasema ulimi hauna mfupa, lakini ulimi angalau una mate, neno unaweza kulimeza, honi humezi. Jina jema nimelisuka miaka mitatu, wewe umelifumua kwa kiganja.

Weka ufunguo hapa. Hapa, mkononi mwangu.

Sasa sikilizeni. Nisipoamka, gari ni la Nawara na mdogo wake Badri, na wewe, Shahat, ni dereva wao, si mwenye gari. Watoto kumi na wanne. Wa kumi na tano akilia njiani mwache alie, urudi safari ya pili. Nawara, ukimwona ami yako amezidisha hata mmoja, shuka, rudi nyumbani kwa miguu, mama yako amekuruhusu.

Na kabla ya yote hayo. Wale wafiwa bado wako msikitini hapo karibu, wanamswalia maiti wao, na makaburi yako ng'ambo ya mto. Wazee hawatafika kwa miguu. Koleo liko chini ya kiti cha dereva. Kata waya, kisha nenda ukawaambie ni wewe uliyepiga. Usinitaje mimi, usiseme ulikuwa na haraka, usiseme shemeji mgonjwa. Sema ni wewe. Wakikutemea mate, jifute, uwafungulie mlango, uwapeleke makaburini. Yangu nimekusamehe, Shahat. Ya yule maiti si yangu.

Ngoja... nipumue.

Mungu awape macho ya kutazama mbele. Awape mguu mwepesi kwenye breki. Nawara, kaa nami, nishike. Lisogeze pazia.

Haya, chukua ufunguo. Nataka nisikie injini... ikiondoka. Injini tu.