Nicodemus Obonyo na Mizani ya Kilo Arobaini na Nane

Tarehe thelathini mwezi huu wa Juni 2025, Mzee Nicodemus Obonyo atafunga chumba cha mizani kwa mara ya mwisho, baada ya kuwapima mabondia katika ukumbi wetu hapa Kisumu kwa miaka thelathini na minne. Alipoajiriwa mwaka wa 1991 alikuwa na shati moja jeupe, ambalo alilifua kila jioni. Leo anayo mengi, na yote ni meupe.

Aliwapima wa kila uzani, lakini sisi wenzake tunajua aliwapenda zaidi wa kilo arobaini na nane, wadogo kuliko wote katika mashindano ya taifa ya ndondi za ridhaa. Daftari lake lina jina la kila bingwa wa uzani huo tangu alipoanza kazi, na kando ya jina ameandika riziki ya mtu: fundi cherehani, mshona viatu, muuza samaki wa Dunga. Walikuwa watu ambao hakuna aliyewaogopa mtaani. Bingwa wa mwaka wa 1994 alizuiwa mlangoni na askari aliyedhani ni mtoto wa shule, na Nicodemus ndiye aliyetoka kwenda kumtetea.

Miaka miwili iliyopita uzani huo uliondolewa kwa sababu washindani walikuwa hawatoshi. Nicodemus alipiga mstari chini ya jina la mwisho, Waliaula, akafunga daftari. Siku hiyo hakutania mtu.

Alikuwa na desturi zake. Kila asubuhi ya mashindano aliweka jiwe la chuma la kilo ishirini juu ya mizani, kuhakikisha inasema kweli. Chakula chake cha mchana alikila akiwa amegeuza kiti, akitazama ukuta, kwa sababu mabondia waliokuwa wakisubiri kupimwa walikuwa hawajatia kitu tumboni tangu jana. Mwaka mmoja bondia kutoka Sondu alizidi kwa gramu hamsini. Nicodemus alimwazima mkasi, bondia akakata nywele zake zote hapo hapo, akapita, na jioni akashinda akiwa na kichwa chenye mabaka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe ameniagiza niliandike.

Fainali ya mwaka wa 1999 ilipaswa kuwa kati ya Byron, aliyekuwa seremala wa Mamboleo, na Masinde, mume wangu, ambaye alitutoka mwezi wa Februari. Asubuhi ile Masinde alipimwa akaonekana ana kilo arobaini na nane na gramu mia mbili. Alipewa saa moja. Alivaa jaketi mbili akakimbia kuuzunguka ukumbi, akarudi, akapimwa tena. Gramu mia moja zilikuwa bado zimebaki. Byron akapewa ubingwa bila kurusha ngumi.

Kuanzia siku hiyo Masinde aliitwa Chapati. Watu walisema alishindwa kulizuia tumbo lake usiku mmoja tu. Akipita kwenye vibanda vya Nyalenda walimuuliza, "Chapati, leo umemeza ngapi?" Naye aliwajibu, "Sita, na bado naangalia yako." Aliwachekesha hivyo kwa miaka ishirini na mitano. Nyumbani hakucheka. Sisi wawili tulijua kwamba alfajiri ile nilimpa nusu kikombe cha chai ya rangi kwa sababu midomo yake ilikuwa imepasuka. Hakuwahi kunilaumu, na mimi sikuwahi kuacha kukihesabu kikombe hicho.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda kumuuliza Nicodemus habari za kuandika hapa. Alinieleza mengi ya kuchekesha.

"Mama Nelima," akasema, "andika na ile siku ya zulia."

Nikamuuliza zulia gani. Akanieleza kwamba mwaka ule walitandika zulia jipya chumbani kwa ajili ya mgeni wa heshima, mizani ikawekwa juu yake. Mgeni alifika mapema, watu wakaharakishwa, na kwa mara moja tu katika kazi yake Nicodemus hakuweka lile jiwe. Aliliweka alasiri. Mizani ilizidisha gramu mia tatu. Mabondia wengine walikuwa na nafasi, haikuwadhuru. Masinde alikuwa ametimiza uzani tangu alipopanda mara ya kwanza. Nicodemus alimwendea msimamizi wa mashindano, akaambiwa kombe limeshatolewa, anyamaze. Akanyamaza. Alikuja hadi mazishini, akakaa nyuma, akashindwa kuniambia.

Nilirudi nyumbani. Nilikaa siku mbili bila kuandika.

Madam Emmaculate, mkuu wetu, aliposoma alinishauri kwa upole nikiondoe kipande hiki, kwa kuwa hii ni sherehe na mzee ana jina zuri. Nilikuwa tayari kukiondoa, maana nimechoka. Nicodemus alipopata habari alikuja hadi mezani kwangu.

"Waliomwita Chapati watakuwa ukumbini," akasema. "Kama hilo halimo, msinisomee kitu."

Basi limo. Byron anabaki bingwa wa 1999, maana Nicodemus anasema ubingwa hautolewi na mpima uzani. Lakini katika daftari, chini ya mwaka huo, ameongeza kwa mkono wake: Masinde, fundi wa baiskeli, kilo 47.9. Uzani umetimia. Kosa ni la mizani, na mizani ilikuwa yangu. Akatia sahihi na tarehe.

Mzee wetu, kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa miaka yote hii. Mungu akupe afya na siku ndefu za utulivu pamoja na mkeo, Mama Lornah. Nenda upumzike. Jina la Masinde limesafishwa, na lako halikuchafuka.