Mkaa wa Bomba

Benchi lililokuwa mbele ya jiko la kahawa la Shemeji lilitosha watu watano, ila kwa miaka sita lilikaliwa na wanne. Pembeni kabisa alikaa Bomba, dereva wa gari la kunyonya vyoo, na kati yake na wenziwe iliachwa nafasi ya mtu mmoja. Haikuwahi kujadiliwa. Bomba alikoga mara mbili kabla ya kuja. Nafasi ikabaki vilevile. Asubuhi hiyo akaweka hapo kipande cheusi cha mviringo: mkaa uliotokana na tope la vyooni alilolibeba mwenyewe, likaanikwa na kuchomwa tanurini. Alitaka Shemeji autie jikoni, na wenziwe wanywe kahawa iliyochemshwa kwa mkaa huo.

— Kahawa ichemshwe kwa choo? akauliza Kinyozi. Bomba, umetuchoka?

— Si choo tena, kaka. Umeshapita motoni.

— Wahenga walisema akiba haiozi, akadakia Fundi Saa.

— Hii imeoza kwanza, ndipo ikawa akiba, akajibu Kinyozi.

Karani, mstaafu wa mahakama, akaunusa pande zote.

— Harufu sisikii. Lakini pua yangu si ushahidi wa kutosha. Uwashwe.

Shemeji akauwasha, akateleka birika.

— Moshi huo utatoboa siri, akasema Kinyozi. Ukila maharage ya jirani kwa kificho, jiko litakutaja.

— Hilo dogo, akasema Fundi Saa. Mkaa wa matajiri utawaka siku nzima, maana wanashiba. Wetu utazima kabla maji hayajapata joto.

— Na wake zetu watatia vyoo kufuli. Mali hiyo.

— Lisemwalo lipo.

— Lisemwalo limesemwa tu, akakata Karani. Tungojeni birika.

Birika likachemka. Ilinukia kahawa, basi. Karani akanywa kwanza, taratibu.

— Nimetafuta kosa kwa nia mbaya kabisa, sikulipata.

Kinyozi akamaliza vikombe vitatu. Bomba alijiinamia kuficha tabasamu, kisha akaitazama nafasi ile. Mkaa haukuwepo tena. Wala hakuna aliyesogea.

Ndipo akafika mshonaji, mgeni wa mtaa ule, kikombe mkononi.

— Samahanini, hapa katikati pana mwenyewe?

Kinyozi akamtazama Fundi Saa. Fundi Saa akatazama ndani ya kikombe chake. Karani, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, akakohoa, akaligeukia birika.

Bomba akawageukia wenziwe. Alikuwa akingoja kusikia watakavyomjibu.