Wadudu Wasiooana

Saa nne asubuhi benchi la nje ya saluni halikosi watu. Siku hiyo wote walikitazama kidole gumba cha Fundi Viatu. Wiki iliyopita msharasi wa kutobolea soli ulimchoma. Kikavimba, kikapoa, na sasa kimevimba upya hata nyundo haishikiki. Fundi alikuwa na hofu, maana kidole kile ndicho kilichomlisha maisha yake yote, ila aliona haya kusema.

Profesa, mwenye saluni, alikwisha kujua ugonjwa kabla kahawa haijapoa.

— Bakteria hao, kaka. Waliingia wawili, dume na jike, wako fungate. Sasa wamezaa.

— Wiki moja tu? aliuliza Breki, dereva mstaafu wa lori.

— Hawalipi ada za shule, waogope nini?

— Basi tumtoe dume, uzazi ukome.

Profesa akasema dume hujificha chini ya kucha. Breki akashikilia kwamba wana chifu, na chifu ana wake saba. Fundi alicheka mpaka kahawa ikamwagika, huku kidole kikimpwita. Aliwapenda watu hawa, hata pale wasipomfaa kitu.

Ndipo akapita binti yake, anayefanya kazi maabara ya zahanati. Aliwaamkia, akakishika kidole, uso ukambadilika.

— Hawana dume wala jike, baba zangu. Mmoja anarefuka, anajigawa katikati, wanakuwa wawili. Hao wawili nao vilevile. Wengine dakika ishirini zinawatosha.

— Bila mahari? alishangaa Breki.

— Bila hata posa. Akibaki mmoja tu, wanajaa upya. Ndiyo maana nilikuletea dawa za siku saba, baba. Leo ya tano. Zimebaki ngapi?

Fundi aliinamia kikombe. Pale kijiweni hakuna anayekula peke yake. Siku ya tatu, uvimbe ulipopungua, alijiona amepona, akawagawia wenzake vidonge vilivyobaki: Profesa kwa ajili ya jino, Breki kwa ajili ya mgongo.

— Zimebaki ngapi, baba?

Breki alikohoa. Profesa alinyanyuka, akafunga saluni huku wateja wawili wakimtazama, akamshika Fundi mkono ule mzima.

— Twende zahanati, alisema. Tukaseme sisi ndio tuliozimeza.