Tisa Nyekundu ya Babu Melkiori

Kwenye benchi la kahawa karibu na stendi ya Ifakara hakuna kesi inayoshindikana. Kinachokosekana ni hukumu tu. Asubuhi hiyo Fridolin alikuja na picha kwenye simu. Walipobomoa kihenge cha marehemu bibi yake, chini ya mpunga walikuta bastola ya kijeshi ya zamani, imeviringishwa kwenye khanga, mpini wake wa mbao umechongwa tarakimu moja kubwa, 9, nyekundu. Yenyewe alishaikabidhi polisi. Yeye alibaki na swali. Jumapili mwanawe anabatizwa, na anataka kumpa jina la babu Melkiori, mume wa bibi, aliyefariki mwaka sabini na mbili. Mkewe Leticia amegoma: mtoto wake haitwi jina la muuaji. Fridolin naye, kusema kweli, alikuwa anaogopa.

Wa kwanza kuisoma picha alikuwa Evarist, anayeitwa Gugo kwa kutobanduka mtandaoni.

— Ya Mjerumani hii, Vita vya Kwanza. Adimu kweli. Wanasema hiyo tisa ni saizi ya risasi.

— Saizi inaandikwa kubwa kama namba ya jezi? alidakia mzee Silvano, jina la kijiweni Kivuko, aliyefanya kazi kwenye pantoni mpaka daraja likamstaafisha. Hiyo ni namba ya kikosi, kombania ya tisa! Babu alikuwa askari wao.

— Askari mweusi apewe bastola, Kivuko? Hiyo ya ofisa.

— Basi alimpokonya pale Kivukoni, mto umefurika, mzungu anatapatapa.

Remigius, Profesa asiye na chuo, aliweka kikombe chini.

— Wote mmepotea. Tisa ni hesabu ya watu. Akiangusha mmoja, anakwangua, anachonga upya. Haba na haba hujaza kibaba.

Fridolin alimsogelea Profesa.

— Watu tisa, Profesa?

— Angefikisha wa kumi angepewa cheo.

— Acha uongo! alidakia Kivuko. Mzee yule alikuwa anapiga kengele ya kanisa.

— Ndio haohao. Kimya kingi kina mshindo.

Pembeni alikuwa amekaa mama mmoja mgeni, Tekla, muuza mpunga, anasubiri gari la Kiberege.

— Samahanini, ndugu zangu. Naomba na mimi nione.

Aliivuta picha kwa vidole, akaitazama sana.

— Kwetu jembe likilala wiki moja linaota kutu. Hii inang'aa. Mzee mmesema alifariki lini?

— Sabini na mbili.

— Sasa nani alikuwa anaipaka mafuta?

Muuza kahawa aliinamisha birika, yakatoka mashapo matupu.

Fridolin aliona aibu. Wiki tatu amehangaika kuuliza watu baki, na aliyejua, bibi yake, alikaa naye jiko moja miaka thelathini. Kila Desemba, akisafiri kikazi Kidatu, bibi alimwagiza kitu kimoja tu: kichupa cha mafuta ya cherehani. Alinunua, akampa, hakuuliza.

Nyumba ile haikuwahi kuwa na cherehani.