Miguu Arobaini ya Roble

Nyuma ya soko la mbuzi la Kitengela kuna benchi moja na birika moja ya kahawa ya tangawizi, na kila asubuhi Munguti anakalia pembe yake akiwa amechomekea shati kama mtu anayengojwa ofisini. Hangojwi popote. Ana degree ya telecommunications, second upper, na nchi imemwambia asante, tutakupigia. Hapo wanamwita Degri, jina ambalo halijawahi kutamkwa bila kicheko kidogo mwishoni. Leo kuna ngazi imefungwa kwa mnyororo kwenye pickup ya Roble. Ni ngazi ya Mwololo, fundi wa WiFi, na bila ngazi Mwololo hana kazi.

— Haitoki, akasema Roble, muuza mbuzi anayeitwa Mnada kwa sababu hata salamu anaitafutia bei. Aliniwekea WiFi ya arobaini. Jana nashusha video ya ngamia, kompyuta inasoma tano. Tano, walahi. Thelathini na tano amepeleka wapi?

— Ni baridi, akasema mzee Katoo, mwenye birika. Hiyo waya si inapitia Kona Baridi? Inafika huku imeganda.

— Mzee, Kona Baridi iko njia ya Magadi, akasema Munguti.

— Na baridi inajua njia, ero, kijana wangu?

— Mimi nasema Mwololo anachotea majirani, akasema Roble. Ploti saba, kila moja tano. Piga hesabu.

— Hata wewe uko na makosa, Katoo akamwambia. Ulihesabu. Sisi kwetu mifugo haihesabiwi kwa sauti. Unaangalia rangi, unajua nani hayuko. Wewe umesimama mbele ya kompyuta unasema moja, mbili, tatu. Lazima zingepungua.

Munguti alikula githeri ya chuo miaka minne kwa ajili ya swali hili hili, na hakuna shingo hata moja iliyogeuka kumwuliza.

— Hakuna kitu imepotea, akasema.

— Degri ameamka, akasema Katoo.

— Ni units. Kampuni inauza megabits, kompyuta inasoma megabytes. Byte moja ni bits nane. You divide by eight, imeisha hiyo.

— Kizungu ya kutetea mwizi, akasema Roble. Ngazi inabaki.

Tusi lilimfika Munguti kwenye meno, akalimeza. Akatazama pickup. Mbuzi walikuwa wamesimama wawili wawili, shingo kwa shingo, kila jozi kamba moja. Roble huwafunga hivyo ili asiruke hata mmoja pale bumps za Kisaju.

— Mnada, hizi mbuzi umefunga aje?

— Mbili mbili. Kwani umefika Kitengela leo?

— Jozi moja iko na miguu ngapi?

— Nane.

— Sasa sikia. Kampuni inahesabu miguu. Kompyuta yako inahesabu jozi. Wewe ulinunua miguu arobaini. Hiyo ni jozi ngapi?

Roble hajawahi kuhitaji calculator. Alifungua mdomo haraka, kisha akageuka kutazama pickup yake.

— Tano, akasema polepole.

— Na kompyuta ilisoma?

— Tano.

— Kuna mguu umepotea?

Katoo akainua birika. Kikombe cha kwanza huwa cha Roble. Leo kilipita mbele ya Roble kikaenda mpaka pembeni kwa Munguti.

— Engineer, akasema mzee, na hakuna aliyecheka.

Mgongo wa Munguti ukanyooka wenyewe.

Roble akafungua mnyororo, akampigia Mwololo. Fundi alifika na vumbi mpaka kope, akatazama ngazi yake, akamtazama Roble.

— Nimeelezea huyu mtu nikachoka. Kila ploti ni hii vita. Nani amemfungua akili?

Benchi nzima ikaonyesha pembeni. Mwololo akampima Munguti kutoka kola hadi chini.

— Niko na kazi Kisaju na sina mtu wa kuongea na wateja hivyo. Boss, unaweza kupanda ngazi?

Hapo benchi iliyokuwa na jibu la kila kitu ikaangalia viatu vya Munguti, vile vyeusi vya graduation, vyenye soli laini kama sabuni. Munguti mwenyewe hakujua. Hakuna lecturer aliyewahi kumwuliza.

Akainama, akavivua, akavipanga chini ya benchi, kisha akashika ngazi upande wa mbele.

— Nichungieni hivyo viatu, akasema.

— Tutachunga, akajibu Katoo. Na hatuvihesabu.