Siku Shefu Aliposhitakiwa

Sikieni, wanangu, wewe Huguette unayeniuguza hapa nyumbani kwako Kasapa, na wewe Chishimba, mwipwa wangu, ambaye kwa damu ya dada yangu kiti changu cha ushefu kule Sakania kinakuelekea. Sogeeni, sauti imeanza kunikatikia.

Nasikia wazee wamekuandalia masharti ya kutawazwa, na moja linasema muntu wa nyumba ya shefu asishitakiwe barazani. Wameligonga hata mhuri, ingawa hakuna ofisi iliyowaomba. Sharti hilo nililiona likifa.

Ilikuwa miaka ya mapinduzi, tulipoitwa sote citoyen, yaani raia. Ofisa alitoka mjini, akapanda juu ya meza ili aonekane, akasoma kwamba upendeleo wa kuzaliwa umefutwa. Mjomba wangu Chisanga, shefu wa wakati ule, alipiga makofi kuwashinda wote, maana alidhani wanasemwa mashefu ya ng'ambo ya reli. Ofisa hajashuka, mama Nkandu akauliza, "Citoyen, sasa iko ruhusa kumushitaki shefu?"

"Iko, mama."

"Basi namushitaki huyu. Mbuzi zake zinamaliza mihogo yangu tangu sijaolewa!"

Tukangoja ardhi ipasuke. Mjomba akaketi chini mbele ya bantu wake, akashindwa kesi. Linalonishangaza mpaka leo ni swali alilomuuliza yule mama: "Mbona hukuniambia?" Nkandu akacheka, akashika kiuno. "Ningekuambia wapi, shefu?"

Tangu hapo mjomba akawa anapita nyumba kwa nyumba akiuliza amewakosea nini, mpaka watu wakaanza kumkimbia. Miaka yote ile alikuwa ametawala kijiji asichokijua.

Chishimba, wazee watakuambia sharti lile ni heshima. Likatae. Kesho wanakuja nitaje mrithi. Ukilitaka, jina lako halitoki kinywani mwangu, dada yangu ana wana wengine.

Huguette, vitabu vyangu ni vyako. Usimwazimishe padri, harudishi. Nizikeni bila hotuba ya serikali. Wakija nayo, waambieni nimeshaisikia.

Mungu awajalie bantu wa kuwapinga machoni, na kesho yake wawasalimie... Niinulie mto, mama. Hapo.

Chishimba, tangu nianze umekunja uso. Unanipinga, siyo? Usimwangalie Huguette, niangalie mimi... Sema, mwanangu. Niko nasikia.